Simu Isiyo na Mwenyewe

Ndani ya kipakatalishi changu mnaishi simu ambayo haijawahi kufika Nyamira. Ukiiuliza iko wapi, inakujibu kwamba iko Mountain View, California, penye makao makuu ya Google, kwa kuwa ndipo ilipowekwa na hakuna aliyeiambia ihame. Kuihamisha si kazi. Unaandika digrii 0.56 kusini na 34.93 mashariki, unabonyeza, nayo inakubali papo hapo kwamba sasa iko Nyamira mjini, pasipo kungoja matatu ijae pale Kisii wala kubanwa na mkungu wa ndizi njia nzima. Betri yake imejaa asilimia mia moja na daima inachajiwa. Ukiwasha kamera, inaona chumba cha kubuni ambamo hamna mtu. Ukitaka kujaribu alama ya kidole, huhitaji kidole. Kipo kitufe cha kubonyeza, na simu huamini kwamba imeguswa na mwenyewe.

Sisi tunaoandika programu za simu huiita emuleta. Ni programu ya kompyuta inayojifanya simu, na kwa muda mrefu imekuwa mwenzangu wa karibu kuliko simu yoyote niliyoishika. Siisemi vibaya. Nilipoianza kazi hii katika chumba cha kupanga mtaa wa Mwembe, hapa Kisii, nilikuwa na simu moja tu, ile ya kupigia nyumbani, wala sikuwa na moyo wa kuitoa kafara kwa majaribio. Emuleta ilinipa simu nilizotaka: ndogo, kubwa, zenye Android ya zamani, zenye Android ambayo hata madukani haijafika. Nilicholipa ni joto la kipakatalishi mapajani na feni iliyolia hadi usiku wa manane. Simu mojawapo ilipogoma niliifuta nikaumba nyingine. Nani angeniachia simu yake niitende hivyo?

Lipo jambo katika historia ya emuleta hii ambalo hunirudia kila ninapoiwasha. Ilitangulia simu inayoiigiza. Google ilipowatolea waandishi wa programu zana za Android mnamo Novemba 2007, emuleta ilikuwamo. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, ile ya HTC iliyoitwa G1, ilifika madukani Oktoba 2008. Karibu mwaka mzima, basi, watu waliandika programu za simu ambayo hawakuwa wameitia mfukoni. Nadhani kuna jambo la mwaka ule lililobaki katika kazi yetu hadi leo: ile hali ya kustarehe na kifaa ambacho bado hakijapata mwenyewe.

Programu niliyokuwa nikiiandika ni ya kuweka hesabu ya chai. Katika vilima hivi mkulima mdogo huchuma asubuhi, majani mawili na chipukizi lake, akabeba gunia hadi kituo cha kununulia, karani akapima, akampa karatasi ya kilo, kisha lori likapeleka majani kiwandani: Kebirigo, Sanganyi, Nyansiongo, Gianchore au Tombe kwa upande wa Nyamira; Kiamokama, Nyamache au Ogembo kwa upande wa Kisii. Malipo ya mwezi kwa mwezi ni ya kukidhi haja ndogondogo. Zile pesa zinazojenga nyumba na kulipa karo, yaani bonasi, huja mara moja kwa mwaka. Kati ya asubuhi ya kupimiwa na siku ya bonasi pana miezi mingi, na ile karatasi ya kilo ni nyepesi, ikilowa imekwenda. Nikawaza: mkulima aandike kilo zake katika simu kila siku, programu ijumlishe, mwisho wa mwezi alinganishe na taarifa anayopewa. Katika emuleta kila kitu kilikwenda sawa. Niliandika kilo 14, ikajumlisha. Niliandika kilo 9.5, ikajumlisha.

Shangazi yangu ameolewa upande wa Kebirigo na ana chai yake. Alikuwa wa kwanza kuniruhusu niiweke programu katika simu yake, nami nilimshukuru bila kufikiri sana alichokuwa amenipa. Simu yenyewe nilikuwa nikiiona tangu zamani mkononi mwake, lakini sikuwa nimeitazama. Kioo kilipasuka kona ya chini kulia, nami kitufe cha kuhifadhi nilikuwa nimekiweka papo hapo, kona ya chini kulia. Kwa sababu ya macho alikuwa ameyakuza maandishi hadi mwisho, kwa hiyo neno nililolipanga vizuri katikati ya mstari lilikatika nusu. Nafasi ya kuhifadhi vitu ilikuwa imejaa: video za kwaya, picha za mazishi, michezo ya mjukuu, na salamu za asubuhi zenye maua ambazo watu wa kundi la kanisa hutumiana. Laini zilikuwa mbili, moja ya M-Pesa na nyingine ya kupiga simu kwa bei nafuu, na bando likiwapo lilikuwa katika ile ambayo programu haikuiangalia.

Kisha kuna mvua. Nyanda hizi za Gusii hazina msimu mrefu wa ukavu. Mawingu hukusanyika adhuhuri, na alasiri inanyesha, pengine ya mawe. Kioo cha simu hukitambua kidole kwa sababu mwili hupitisha umeme, na maji nayo hupitisha. Tukiwa tumejibanza chini ya paa la kituo niliona tarakimu zikijiandika zenyewe, matone yakifanya kazi ya vidole, huku vidole vya shangazi vikisugua kioo bila kutambulika. Utomvu wa chai huzitia ncha za vidole weusi, na miaka ya kuchuma imezikwaruza hata kisoma alama hakizioni. Mimi nilikuwa nimefunga programu kwa alama ya kidole, nikijivunia usalama. Kule katika kipakatalishi nilikuwa nikibonyeza kile kitufe.

La kunichanganya zaidi lilikuwa la tarehe. Programu ilikataa kutuma chochote kwenye seva ilhali mtandao ulikuwapo na bando lilikuwapo. Nilihangaika nalo nikilaumu milima, nikilaumu minara, hadi nilipoona kwamba simu ya shangazi iliamini tuko mwaka 2015. Betri ilikuwa imetolewa ikakaa nje kwa muda, saa ikarudi nyuma. Mawasiliano salama ya intaneti huanza kwa simu kukagua cheti cha seva, na kila cheti kina siku ya kuanza na siku ya kwisha. Simu inayoishi mwaka 2015 hukiona cheti cha leo kuwa hakijaanza kutumika, ikakikataa kwa nia njema kabisa. Emuleta yangu isingeweza kunifundisha hilo kwa hiari yake, maana saa yake huichukua kwa kompyuta, na kompyuta yangu haijawahi kuachwa bila betri kwenye dirisha la jikoni.

Wakati huo wote shangazi alikuwa akisema neno moja tu. "Labda ni mimi nimeiharibu, mwanangu. Hizi simu haziwapendi wazee." Nilimjibu haraka kwamba hakuharibu chochote, kwamba kasoro ni ya programu. Aliitikia kwa kichwa, lakini niliona hakusadiki. Ni baadaye, nikiwa katika matatu ya kurudi Kisii, ndipo nilipoanza kutambua uzito wa maneno yale. Emuleta ikikwama, inakwama. Inatoa mistari mirefu ya makosa, ninaisoma, tunaendelea. Simu ya mtu ikikwama, mwenyewe anatahayari. Na anayetahayari haleti taarifa ya hitilafu. Anaweka simu mfukoni, anasema asante, anaulizia habari za mama yako.

Nikaamua kwamba dawa ni simu halisi. Nilinunua kadhaa zilizotumika, za bei ya chini, aina ambayo watu wengi hapa wanaimudu, ikiwemo moja yenye ule mfumo wa Android uliopunguzwa uzito ambao tangu 2018 umewekwa katika simu zenye kumbukumbu ndogo. Zilinipa faida mara moja. Nilikuwa nimeweka kikumbusho cha jioni, kumwambia mkulima asisahau kuandika kilo. Katika emuleta kililia kila siku. Katika simu hizi hakikulia. Android yenyewe, tangu toleo la sita la mwaka 2015, huzilaza programu wakati simu imetulia bila kuchajiwa, na watengenezaji wengi wa simu huongeza sheria zao za kuokoa betri, kali zaidi, kila mmoja kwa namna yake. Programu yangu ilikuwa ikiuawa kimyakimya kabla ya magharibi. Emuleta, ambayo daima iko kwenye chaji, haikuwa na sababu ya kumuua mtu.

Kwa muda nilijiona nimefika. Nilianza hata kuwasema wenzangu waliotegemea emuleta, kwa ile sauti ya mtu aliyeokoka juzi. Lakini simu zangu zilizopangwa mezani, nikizitazama vizuri sasa, zilikuwa na nini? Nilizifuta zikawa tupu. Nilizichaji. Niliziunganisha na waifai. Hazikuwa na kwaya wala mazishi, hakuna aliyewahi kuzipigia kuomba nauli. Siku hizi yapo hata makampuni yanayokukodisha simu za kweli zilizopangwa rafu kwa rafu katika kumbi za mitambo, Google ikiwa mojawapo: unatuma programu, simu zinaifungua, zinaibonyeza, zinakurudishia video ya yaliyotokea. Ni huduma nzuri, naitumia. Kioo ni cha kweli, betri ni ya kweli. Bado sijui niiweke upande gani.

Nikawa namtembelea shangazi siku za Jumapili, baada ya kanisa, kuona kilo zinavyoingia. Ziliingia. Katika seva niliziona zikifika zote Jumamosi jioni, za wiki nzima, katika dakika chache. Nilijieleza kwamba ni mtandao: simu inangoja ipate nguvu ya mawimbi, kisha inamwaga yote. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeiandika programu, ingoje, kwa hiyo maelezo yalinifaa. Hadi nilipolikuta daftari. Lilikuwa daftari la shule la mjukuu, na nyuma ya hesabu za mtoto, kwa penseli, kilo zote za shangazi zilikuwamo, siku kwa siku, tangu mwezi uleule nilipomwekea programu. Kila asubuhi aliandika pale. Jumamosi jioni mjukuu alikaa naye, wakanakili kila kitu katika simu, kwa sababu kesho yake ningekuja.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa na furaha," akasema.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi maneno hayo yalivyonitikisa, wala kama yanastahili kunitikisa kiasi kile. Nilikuwa nimetoka kwa simu inayojifanya simu, nikafika kwa mtu anayejifanya mtumiaji. Na alijifanya kwa upendo, jambo ambalo mashine haiwezi, na kwa hiyo ni gumu zaidi kuligundua. Nilifikiri nimeiacha maabara kule Mwembe, kumbe nilikuwa nimeipandisha mlimani, nikaikaribisha katika sebule yake, na yeye, kama mwenyeji mwema, akaipangia kiti.

Husimuliwa mara kwa mara, na kwa haki, jinsi M-Pesa ilivyojaribiwa. Kabla ya kuzinduliwa Machi 2007 ilitumiwa kwanza na mamia ya wateja wa taasisi ya mikopo midogo, Nairobi na Thika, kuanzia Oktoba 2005. Wazo la awali lilikuwa kulipa mikopo kwa simu. Watu wakaitumia kwa mengine: wakatumiana pesa, wakalipiana madeni, wengine wakaweka pesa simuni kabla ya safari wakazitoa walikofika. Hakuna emuleta ambayo ingewaza kuwaogopa wezi wa njiani. Zamani niliichukua hadithi hiyo kama ushahidi kwamba tunapaswa kujaribu kwa watu. Sasa kinachonishangaza ndani yake ni jambo jingine, kwamba watu wale hawakuwa na haja ya kumfurahisha yeyote. Pesa zilikuwa zao. Waliipindisha huduma ikafuata haja yao, na waliokuwa wakiwatazama wakakubali kupindishwa nayo. Shangazi hakuwa amefika hapo na programu yangu. Alikuwa bado ananiheshimu.

Na daftari halikuwa la kudharauliwa. Haliishiwi chaji. Katika uchaguzi mkuu wa Machi 2013, vifaa vya kielektroniki vya kuwatambua wapiga kura viliishiwa na betri katika vituo vingi, maana kituo cha kupigia kura mara nyingi ni darasa lisilo na umeme, na makarani wakarejea kwenye daftari lililochapishwa. Nalikumbuka hilo ninapowaona wahudumu wa afya ya jamii wakipanda vilima vya huku na simu walizopewa. Serikali iliwatuma zaidi ya 100,000 nchi nzima mnamo Septemba 2023, na mfumo wanaoutumia umeundwa uhifadhi kumbukumbu bila mtandao, kisha uzitume mtandao unapopatikana. Aliyeamua hivyo alijua kitu kuhusu mabonde. Ningependa kujua pia ni wangapi kati yao wana daftari ndani ya mkoba.

Nisionekane nimeitupa emuleta. Ilifika siku kilo za shangazi zikaanza kupotea, mara moja moja, bila mpangilio. Yeye hakujua ni lini. Mjukuu alidhani ni simu kulala. Nilikaa nayo mkononi jioni nzima na haikupotea hata kilo moja. Kidokezo kilitoka kwa mjukuu, aliyesema kwa kupitapita tu kwamba babu mdogo hupenda kupiga simu Jumamosi jioni. Nikarudi Mwembe, nikawasha ile simu ya Mountain View. Katika emuleta unaweza kuagiza simu iingie sekunde unayotaka: kabla hujaandika, ukiwa umeandika nusu, ukiwa umebonyeza lakini haijahifadhi. Unaweza kurudia mpaka uchoke, na yenyewe haichoki. Niliipata kasoro, pale katikati ya kuandika na kuhifadhi, palepale babu mdogo alipokuwa akipenyeza salamu zake. Simu ya shangazi isingenionyesha hivyo kamwe, na emuleta isingejua kwamba kuna babu mdogo.

Kwa hiyo ninakwenda na kurudi, wala sijapata kanuni ya kuniambia lini niwe wapi. Kwanza nilidhani ni suala la usahihi, kipi kinafanana zaidi na kweli. Siku hizi najiuliza pia nani anagharamia. Kila toleo jipya la programu lilipakuliwa kwa bando la shangazi. Alilinunua bila kuniambia, na mimi, kule mjini kwenye waifai, nilitoa matoleo mapya kwa wepesi wa mtu anayekohoa. Jumamosi zake jioni zilikuwa kazi, na sikumlipa. Tunazungumzia simu halisi kana kwamba zinajishika zenyewe. Jaribio la uwanjani linatumia macho ya mtu, mchana wake, subira yake, na mara nyingine heshima anayokupa kwa kuwa wewe ni mtoto wa ndugu yake. Emuleta haina cha kupoteza. Pengine hilo nalo ni sababu ya kuitumia kwanza, nayo ikose mengi kwa gharama yangu kabla ya kumfikia mtu. Lakini nikisema hivyo naona jinsi ninavyoweza kuligeuza kuwa kisingizio cha kukaa Mwembe.

Nimeubadilisha ukurasa wa kwanza wa programu. Hauulizi tena kilo za leo. Unaonyesha mistari saba, kama daftari, ya kujaza kwa pamoja siku mtu anapopata nafasi. Kitufe cha kuhifadhi nimekiondoa kabisa, kila tarakimu inahifadhiwa inapoandikwa, babu mdogo apige au asipige. Programu hukagua kama tarehe ya simu ni ya kuaminika, na isipokuwa, husema hivyo kwa maneno ya kawaida. Jumla ya mwezi ndiyo shangazi anayoipenda, maana daftari halijumlishi. Penseli hajaiacha, nami nimekoma kuuliza.

Badala ya alama ya kidole niliweka namba ya siri. Mjukuu anaijua, kwa kweli yeye ndiye aliyeichagua. Nilimwambia shangazi kwamba kwa usalama tungepaswa kuibadilisha, abaki nayo peke yake. Akanitazama, akauliza kilo zake zitaandikwa na nani siku atakapokuwa hospitali au matangani. Sijamjibu, na namba haijabadilishwa.